Ukitoka Uhuru, Usiipime Alpi kwa Mita

(Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya waongozaji, wapagazi na wapenda milima. Nimeiandika upya kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Maswali ya ukumbini nimeyaacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Wagumu, wapagazi wetu, mlioshuka leo na bado mna vumbi la njia ya Mweka viatuni, viti vya mbele vipo wazi, sogeeni. Ndugu zetu wa Nairobi na Arusha, poleni na safari.

Nimepewa mada ndefu kidogo: kupanda vilele virefu vya Milima ya Alpi, kule Ulaya, ukiwa na mwongozaji, kwa mtu wa kiwango cha kati. Nianze na huyo mtu wa kati, maana humu ndani wamejaa. Ni yule ambaye Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, amefika, Lenana ya Mlima Kenya pengine ameizoea, baridi ya saa kumi alfajiri haimtishi, na kichwa kikimuuma anajua kama ni kimo au ni njaa. Sasa ameiona Matterhorn, mmoja wa milima ya Alpi, kwenye simu, akapiga hesabu. Kilimanjaro mita 5,895. Mont Blanc, mrefu kuliko yote ya Alpi, mita 4,800 na ushei. Matterhorn 4,478. Akacheka: huo mlima si uko chini ya Kibo Hut? Ni kweli, uko chini. Kibo Hut ipo kwenye mita 4,700 hivi, pale ambapo mgeni wetu anakunywa uji na kujinyoosha kidogo kabla ya kuamshwa usiku.

Basi tuiendeleze hesabu yake. Kutoka Kibo Hut hadi Uhuru unapanda karibu mita 1,200. Kutoka nyumba ya wapandaji ya Hörnli, mita 3,260, hadi kilele cha Matterhorn unapanda mita 1,218. Karibu sawasawa. Lakini ile njia ya Kibo mnaijua: changarawe, kona, changarawe tena, halafu mawe ya Gilman's. Mtu akiteleza anakaa chini, anajipangusa, safari inaendelea. Njia ya Hörnli ni mgongo wa mwamba uliosimama. Kuna sehemu ambazo watu wawili hawapishani bila mmoja kusimama na kujishikiza, na pembeni hakuna kitu, ni hewa tupu hadi chini kwenye barafuto, yaani mto wa barafu. Mita ni zile zile. Tofauti ni kitakachokupata ukiteleza.

Kwetu mlima ni msafara. Kuna mpishi, kuna wa hema, kuna wa maji, kuna mwongozaji mkuu na wasaidizi wake. Mgeni akichoka, begi lake dogo linachukuliwa. Akilegea zaidi, msaidizi mmoja anamshika mkono na kumteremsha, wenzake wanaendelea. Mfumo huu naupenda, na sijaona mahali duniani ambapo mgeni anatunzwa mlimani kama hapa. Ila unamzoesha mgeni jambo moja: kwamba kosa lake ni lake, na mwongozaji yupo kando, mzima, tayari kumwokoa. Kule Alpi, ukishaingia kwenye barafu na mwamba, mwongozaji hayuko kando. Amefungwa na wewe, kiuno kwa kiuno, kwa kamba ambayo mara nyingi haizidi mita chache. Ukianguka na yeye hakuwahi kukuzuia, mmeanguka wote. Mpagazi hayupo. Msaidizi hayupo. Mko wawili au watatu kwenye kamba, na kila mmoja ni sehemu ya usalama wa mwenzake.

Ndugu zangu, jambo hilo ndilo lililonileta. Ukishakuwa mpandaji wa kati, mwongozaji unamlipa ujuzi wake, humlipi akubebe. Nusu ya kamba ni yako.

Niwape kisa ambacho kila anayepanda Matterhorn anapaswa kukijua, na wengi wanaokijua wanakumbuka sehemu ya kamba kukatika tu. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walisimama juu ya ule mlima kwa mara ya kwanza. Mkubwa wa safari alikuwa Mwingereza Edward Whymper. Pamoja naye walikuwepo Mchungaji Charles Hudson, mpandaji hodari; Lord Francis Douglas, kijana wa miaka 18; na Douglas Hadow, miaka 19. Waongozaji walikuwa watatu: Michel Croz wa Chamonix, mji wa Ufaransa chini ya Mont Blanc, na Peter Taugwalder baba na mwanawe wa Zermatt, mji wa Uswisi chini ya Matterhorn.

Huyu Hadow ndiye ninayewaomba mumtazame vizuri, kwa sababu anafanana na sisi. Ulikuwa msimu wake wa kwanza Alpi. Siku chache nyuma alikuwa ameupanda Mont Blanc, tena kwa haraka kuliko wengi. Hudson alipoulizwa kama kijana anaiweza Matterhorn, jibu lake lilikuwa hilo: ameumaliza Mont Blanc kwa muda mfupi kuliko watu wengi. Mwajua jibu hilo. Tunalitoa kila siku. "Huyu Kilimanjaro kapanda bila shida."

Wakati wa kushuka Croz alitangulia, Hadow nyuma yake, kisha Hudson, Douglas, Taugwalder baba, na nyuma kabisa Taugwalder mwana na Whymper. Hadow alikuwa na shida kila hatua, hata Croz akawa anaweka shoka lake pembeni na kuishika miguu ya kijana kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akiipanga kwenye mwamba. Croz alipogeuka ili ashuke hatua moja au mbili, Hadow akateleza, akamgonga mgongoni. Wakaenda wote wawili. Uzito wao ukamng'oa Hudson, kisha Douglas. Kamba kati ya Douglas na Taugwalder baba ikakatika, na wanne wakaanguka hadi kwenye barafuto. Mwili wa Douglas haujapatikana mpaka leo. Kipande cha kamba hiyo kipo kwenye makumbusho ya Zermatt. Ukikiona utashangaa kwa wembamba wake, maana kati ya kamba walizokuwa nazo ile ndiyo ilikuwa dhaifu kuliko zote.

Watu wamebishana zaidi ya karne moja na nusu kuhusu kamba. Mimi naona swali la kwanza ni la miguu. Mapafu ya kijana yalikuwa mazuri. Nguvu alikuwa nazo. Kilele alifika. Alichokosa ni miguu inayojua kushuka kwenye mwamba mtu akiwa amechoka, na kosa hilo lilimuua mwongozaji aliyekuwa bora kuliko wote waliokuwepo siku ile.

Mkijua kisa hicho, mtaelewa kwa nini leo mwongozaji wa Matterhorn anampeleka mgeni mmoja tu. Si tamaa ya pesa. Kwenye mgongo ule mwongozaji anaweza kumzuia mtu mmoja, akiwa ameizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma au kwenye jiwe lililochomoza. Wawili hawawezi. Mont Blanc kwa njia ya kawaida anachukua wageni wawili. Gran Paradiso ya Italia, ambako sehemu kubwa ya njia ni barafuto lisilo na mteremko mkali, wanaweza kuwa wanne au zaidi kidogo kwenye kamba moja, maana pale hatari kubwa ni ufa uliofichwa na theluji, na kwenye ufa watu wengi juu ya kamba ni faida. Kwa hiyo ukikuta tangazo la mtu anayejiita mwongozaji, anakuahidi Matterhorn na wageni watatu kwa bei ya kutupa, usiulize punguzo. Funga simu.

Na ukitaka kumjua mwongozaji wa kweli, muulize kitambulisho cha shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, lile linaloandikwa UIAGM au IFMGA. Lilianzishwa mwaka 1965 na waongozaji wa Austria, Ufaransa, Uswisi na Italia. Mafunzo yake ni ya miaka: mwamba, barafu, kuteleza kwa ski, uokoaji, maporomoko ya theluji. Chamonix wenyewe wana chama chao cha waongozaji tangu 1821, kilichoundwa mwaka mmoja baada ya poromoko la theluji kuua waongozaji watatu kwenye Mont Blanc. Nawaambia hili ninyi waongozaji wa Moshi mahsusi: chama kile hakikuzaliwa kwa sherehe. Kilizaliwa kwa msiba, na tangu mwanzo kilikuwa na mfuko wa kusaidiana.

Sasa, mwongozaji anakupima kwa nini? Wa kwanza kunipokea kule hakuniuliza nimefika vilele vingapi. Alinitoa nje, akanifunga kamba, akasema tembea. Tulikuwa kwenye mteremko mdogo wa barafu, mtoto angeuteleza kwa furaha. Nimevaa kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Akawa nyuma yangu, kimya. Nilidhani anatazama mandhari. Kumbe anatazama visigino.

Hiki ndicho alichokuwa anatafuta. Je, miguu yako umeiachanisha kidogo, ili jino la mguu huu lisinase kwenye suruali ya mguu ule? Je, unakanyaga na meno yote kwa pamoja, au unakanyaga kwa ubavu wa kiatu kama tunavyofanya kwenye udongo? Shoka la barafu liko mkono wa upande wa mlima, na ukipiga kona unalihamisha bila kuambiwa? Kamba iliyo mbele yako umeiachaje? Hapo kwenye kamba ndipo wengi wetu tunapokwama. Kamba unakwenda nayo kama unavyomswaga mbuzi wa mnadani: ukimburuta anagoma, ukimwachia anakuzunguka miguuni. Isiwe imekaza hata unamvuta mwenzako, isilegee hata unaikanyaga na meno ya chuma. Na yote hayo uyafanye ukiwa unaongea, unakunywa maji, umechoka, jua limekuchoma. Ukiyafanya kwa kufikiri, bado hujafika kiwango cha kati. Miguu iyafanye yenyewe.

Halafu kuna mwendo. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Wimbo wetu wa mlimani ni polepole, na kwa Kilimanjaro ni sahihi kabisa, maana adui mkubwa wa mgeni pale ni kimo, na mwenda pole hajikwai. Alpi kuna adui mwingine, anaitwa jua. Usiku barafu imeshika mawe. Asubuhi jua likipiga, barafu inaachia, mawe yanaanza kushuka. Theluji iliyokuwa ngumu inakuwa uji, na daraja la theluji lililokuwa limefunika ufa linalegea. Kwa hiyo kule mnaamka saa nane usiku, na ratiba ni kali. Pale Hörnli watu wanajipanga mlangoni gizani, waongozaji wa Zermatt na wageni wao wakitangulia kwa desturi, na mlango ukifunguliwa ni kama mbio. Njiani, kwenye mita 4,003, kuna kibanda kidogo cha dharura, Solvay. Mwongozaji anaangalia saa. Kama baada ya mwendo wa takribani saa tatu hamjafika pale, anakugeuza, hata kama anga ni safi na wewe unajisikia mzima. Maana kushuka kunachukua muda sawa na kupanda, na anajua saa sita mchana mtakuwa wapi.

Mgeni anayegeuzwa hapo hukasirika. Amelipa mwongozaji zaidi ya faranga elfu moja za Uswisi, amelipa kitanda na chakula chake na cha mwongozaji vilevile, na desturi ni kwamba hela hairudi kwa sababu ya mwendo wako. Namwelewa. Lakini mwongozaji hageuzi ili kukuadhibu. Ameshapima kasi yako, akaona mahali ambapo mawe na uchovu vitakutana na ninyi. Ninyi mliogeuza watu Stella Point, karibu kabisa na Uhuru, mnajua jinsi lilivyo gumu neno lile kulitamka. Basi ukiwa wewe ni mgeni, usimfanye alirudie.

Jua hilo limezidi ukali. Wataalamu wa hali ya hewa wa Uswisi hupima kila siku kimo ambacho nyuzi za joto zinafika sifuri. Tarehe 25 Julai 2022 sifuri ilipatikana kwenye mita 5,184. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 2023, ilikuwa mita 5,298. Maana yake, hakukuwa na kilele hata kimoja cha Alpi kilichokuwa kwenye hewa ya kugandisha. Miamba ya kule imeshikamana kwa barafu iliyo ndani ya nyufa zake, na barafu ikiyeyuka mlima unaachia vipande. Kiangazi kile cha 2022 waongozaji wa Chamonix na Saint-Gervais waliacha kwa muda kupeleka wageni kwa njia ya Goûter, ile njia ya kawaida ya Mont Blanc. Matterhorn nako wakasimamisha. Tarehe 3 Julai mwaka huo huo, kipande cha barafuto la Marmolada, Italia, kilimeguka mchana na kuua watu 11. Wapo walioendelea kwenda Mont Blanc bila mwongozaji, maana kule sheria haikulazimishi kuwa naye, tofauti na hapa kwetu. Meya wa Saint-Gervais akachoka, akatangaza anataka kila mpandaji aweke dhamana ya yuro 15,000: elfu kumi za uokoaji, elfu tano za mazishi. Yule bwana hakumung'unya maneno.

Niseme kidogo kuhusu hiyo njia ya Goûter, kwa sababu wengi wenu mtaanza kuulizia Mont Blanc. Unapanda treni ndogo hadi Nid d'Aigle, mita 2,372, unatembea hadi nyumba ya Tête Rousse kwenye mita 3,167, na hapo mbele yako kuna mfereji wa mawe unaoitwa Grand Couloir. Kuuvuka ni mwendo wa dakika chache. Ndizo dakika mbaya kuliko zote za safari nzima, maana mawe yanashuka humo kwa kasi na hayapigi honi. Mwongozaji anasimama kwanza, anasikiliza, anatazama juu, anasema sasa, na hapo unakwenda bila kusimama kupiga picha. Ukipita, kuna mwamba wa kupanda kwa mikono hadi nyumba ya Goûter, mita 3,835, yenye vitanda 120. Bila nafasi iliyowekwa kwa jina lako hulali pale. Kesho yake usiku ni barafu na theluji hadi kileleni, na sehemu ya mwisho ni mgongo mwembamba ambao upepo ukivuma unatembea umeinama. Kiufundi si mlima mgumu. Umeua wengi kwa sababu hiyo hiyo.

Dada zangu, mkiambiwa kule ni kwa wanaume, waambieni Marie Paradis, msichana wa kazi wa Chamonix, alifika kilele cha Mont Blanc mwaka 1808, na Lucy Walker alifika Matterhorn mwaka 1871, miaka sita tu baada ya ile ajali. Nimalize hapo, tusonge.

Uanzie wapi? Alpi kuna vilele 82 vinavyohesabiwa rasmi kuwa vimezidi mita 4,000, na waongozaji wamevipa njia zake madaraja: F ni rahisi, PD ina ugumu kidogo, AD ina ugumu wa kutosha, D ni ngumu. Mimi ningeanza na Gran Paradiso, mita 4,061, ambao mlima wote uko ndani ya Italia. Unalala kwenye nyumba ya Vittorio Emanuele II, unaondoka gizani, unajifunza barafuto na kamba, na mwishoni kabisa kuna mwamba mfupi wenye hewa pande zote unaokwenda kwenye sanamu ya Bikira Maria. Mita chache tu zile zinakwambia mengi kuhusu moyo wako. Kuna Allalinhorn, mita 4,027, juu ya Saas-Fee, na Breithorn, mita 4,164, ambako gari la kamba linakufikisha mita 3,883. Breithorn msiidharau kwa kuwa ni fupi. Nyufa zipo, na mtu aliyeletwa na gari la kamba kutoka bondeni asubuhi hiyo kichwa kinamgonga kama nyundo.

Baada ya hapo nenda Mönch, mita 4,107, kule Uswisi. Treni ya Jungfraujoch, iliyofika pale mwaka 1912, inakupandisha hadi mita 3,454, halafu unakwenda kwenye mgongo wenye mwamba, theluji, mwamba tena, na mwisho ukingo wa theluji mwembamba hadi kileleni. Mlima huo ndio mtihani wa mtu wa kati, kwa maoni yangu. Ukishuka Mönch na mwongozaji anakuuliza utakuja lini tena, Matterhorn mnaweza kuijadili. Akikushukuru tu na kuaga, nenda kafanye mazoezi.

Na mazoezi yapo hapa nyumbani, hamhitaji kusubiri viza. Karibu na Nairobi kuna miamba ya Lukenya, kuna Hell's Gate kule Naivasha. Nelion kwenye Mlima Kenya, mita 5,188, ni mwamba halisi, na kwa ugumu wa kupanda unazidi Hörnli. Aliyefika Nelion kwa kamba na kushuka salama ameshasoma nusu ya kitabu. Nusu nyingine iko Uganda, kwenye Ruwenzori. Margherita, mita 5,109, mpakani na Kongo, unakwenda na kramponi, shoka na kamba kwenye barafuto, ingawa barafuto lenyewe linapungua kila mwaka na waongozaji wa kule wanalazimika kubadilisha njia.

Jina hilo Margherita mtalikuta tena Alpi. Kwenye kilele cha Signalkuppe, mita 4,554, katika Monte Rosa, kundi la vilele mpakani mwa Uswisi na Italia, kuna nyumba ya wapandaji iliyo juu kuliko jengo lolote la Ulaya, iliyofunguliwa mwaka 1893. Inaitwa Regina Margherita. Ni malkia yule yule wa Italia. Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipopanda Ruwenzori mwaka 1906 alikipa kilele cha juu jina lake, na waongozaji aliokuja nao walitoka Courmayeur, chini ya Mont Blanc upande wa Italia. Wawili kati yao, César Ollier na Joseph Brocherel, walikuwa wameshafika kwetu: mwaka 1899 ndio waliompeleka Mwingereza Halford Mackinder juu ya Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, wakikata ngazi kwenye barafu ngumu kwa mashoka. Barafuto mbili za Mlima Kenya zilipewa majina yao, César na Joseph. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya safari ile, na wapo waliokufa njiani, hawakupewa hata jiwe. Naliweka hapo mlitafakari nyumbani.

Mambo ya mwisho ni ya karatasi, na najua yanachosha. Viza moja ya Schengen inakutosha kwa Ufaransa, Italia na Uswisi. Ubalozi utakudai bima ya angalau yuro 30,000, na wakala wa mjini atakuuzia ya bei nafuu. Isome. Nyingi zinaandika kwa herufi ndogo kwamba hazilipi mtu aliyekuwa anapanda kwa kamba au juu ya kimo fulani. Ufaransa, kikosi cha uokoaji milimani cha jandarmeri, yaani polisi, kiitwacho PGHM, kwa kawaida hakimtozi aliyeokolewa. Uswisi na Italia helikopta inaweza kukufuata na bili hadi Moshi. Kwa hiyo tafuta bima inayotaja upandaji milima na uokoaji kwa maneno. Na helikopta ikija, inyooshee mikono yote miwili juu, kama herufi Y, kama unahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mmoja chini maana yake huhitaji, itaondoka. Wapo waliopunga mkono mmoja kwa furaha.

Kuhusu kimo, msidhani Uhuru ya Januari itawalinda Agosti. Mwili unasahau ndani ya wiki chache. Msimu wa kule ni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, basi ukimaliza Kilimanjaro mwishoni mwa Juni na kuruka moja kwa moja, hapo utawazidi Wazungu wengi kwa pumzi. Usiruhusu hilo likupumbaze. Hadow naye alikuwa na pumzi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta kamba mbili, mikanda ya kiunoni minne na karabina, zile pete za chuma za kushikia kamba, za kutosha, ziko pale kwenye meza nyuma. Kabla ya chai, kila anayetaka kwenda aje afunge fundo lenye umbo la nane (8) mbele yangu, kwanza akiwa amefumbua macho, kisha amevaa glavu nene, kisha taa imezimwa. Wazee mnaojua, nisaidieni kusahihisha.